Uzi: Kugawanya namba kunakoacha baki, na kwa nini baki lazima liwe dogo kuliko kigawanyo

#1 Mwalimu Mstaafu

Wanajukwaa wenzangu, nimefungua uzi huu kwa ajili ya wazazi wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani, wanafunzi wanaorudia hesabu za msingi, na mtu mzima yeyote aliyejifunza kugawanya kwa kukariri hatua bila kuelezwa hatua hizo zinafanya kazi gani. Tutashughulika na jambo moja tu, nalo ni kugawanya namba nzima pale ambapo mgawanyo hauishi sawasawa na kitu kinabaki. Ninaliona kuwa jambo kubwa kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu mwanafunzi anayekwama kwenye sehemu, desimali na hata aljebra mara nyingi ni yule aliyeambiwa kanuni ya baki bila kuonyeshwa kanuni hiyo inalinda nini.

Tuchukue 17 ÷ 5. Hesabu hii inaweza kuulizwa kwa namna mbili, na ni vizuri mtoto azikute zote mapema. Namna ya kwanza ni ya kupanga mafungu: tuna kalamu 17, tunazifunga tano tano, je, tutapata mafungu mangapi? Fungu la kwanza likitoka zinabaki 12, la pili likitoka zinabaki 7, la tatu likitoka zinabaki 2, na hapo hakuna fungu jingine linaloweza kukamilika. Namna ya pili ni ya kugawana: watu 5 wanagawana kalamu 17 kwa usawa, je, kila mmoja atapata ngapi? Tukizunguka mara moja na kumpa kila mtu kalamu moja, tumetumia kalamu 5. Mzunguko wa pili unachukua 5 nyingine, wa tatu 5 nyingine, na kalamu 2 zilizosalia hazitoshi kumfikia kila mtu.

Angalieni kwamba katika namna ya kwanza 3 ni idadi ya mafungu, na katika namna ya pili 3 ni kalamu za kila mtu, ilhali 2 ni kalamu katika namna zote mbili. Baki ni la aina ileile ya kitu kilichogawanywa, na hilo halibadiliki. Msomaji akilishika hili ataepuka makosa kadhaa ambayo nina hakika yatajitokeza humu kadiri tunavyoendelea.

Namba inayogawanywa, hapa 17, tutaiita kigawanywa. Ile inayogawanya, yaani 5, ni kigawanyo. 3 ni jibu na 2 ni baki. Tukiziunganisha zote nne tunapata mstari huu:

17 = 5 × 3 + 2

Napendekeza mwanafunzi auandike mstari wa namna hii kila anapomaliza kugawanya, kwa kuwa unaeleza kilichotokea na papo hapo unahakiki jibu. Unaambatana na sharti moja: baki lisiwe chini ya 0, na liwe dogo kuliko kigawanyo. Kwa hiyo ukigawanya kwa 5, mabaki yanayowezekana ni 0, 1, 2, 3 na 4 basi, hata kama kigawanywa kina tarakimu mia moja. Karibuni kwa maswali.

#2 Mama Watatu

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa somo. Nina swali linalonihusu moja kwa moja. Mwanangu aliandika kwamba 17 ÷ 5 ni 2 baki 7. Nilipomwambia amekosa, alinionyesha kwamba 5 × 2 ni 10, ukijumlisha 7 unapata 17, kwa hiyo jibu lake limehakikiwa na ni sahihi. Nilimjibu kwamba baki haliruhusiwi kuzidi kigawanyo, naye akaniuliza ni nani aliyekataza. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia kwamba ndivyo tulivyofundishwa. Je, ni kanuni tu ya kukubaliana, au kuna sababu ndani yake?

#3 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, Mama Watatu. Mtoto huyo apongezwe kwanza, kwa sababu hajakosea kuzidisha wala kujumlisha, na mstari wake 17 = 5 × 2 + 7 ni wa kweli kabisa. Kuna mistari mingine ya kweli pia. 17 = 5 × 1 + 12 ni kweli. 17 = 5 × 0 + 17 ni kweli, ingawa hapo hakuna kilichogawanywa. Hata 17 = 5 × 4 − 3 ni kweli, kwa maana ya kwamba tumetoa mafungu manne na kubaki na upungufu wa kalamu 3. Kwa hiyo mtoto anayehakiki kwa kuzidisha peke yake anaweza kupata majibu mengi yasiyo na mwisho, yote yakiwa yamehakikiwa.

Sasa muulize swali hili: katika kalamu 7 ulizobakiza, je, huwezi kufunga fungu jingine la kalamu tano? Ataona kwamba anaweza. Maana yake ni kwamba hajamaliza kugawanya, amesimama njiani. Baki linapokuwa kubwa kuliko kigawanyo au sawa nacho, daima kuna fungu zima lililofichwa ndani yake. Baki likiwa chini ya kigawanyo hakuna fungu lililofichwa, na kazi imekwisha. Hiyo ni sababu ya kwanza, na kwa mtoto inatosha.

Sababu ya pili ni ya kina zaidi, na ningependa watu wazima waifuate polepole. Sharti hili ndilo linalofanya jibu liwe moja tu. Chukulia kwamba watu wawili wamegawanya namba ileile kwa 5, kila mmoja akalitii sharti, lakini wakapata mabaki tofauti. Kila baki liko kati ya 0 na 4, kwa hiyo tofauti kati ya mabaki hayo mawili haiwezi kuzidi 4. Lakini wote wawili walianza na namba moja na wakatoa mafungu ya tano tano. Aliyetoa mafungu mengi zaidi ana baki lililopungua kwa 5, au 10, au 15, na kuendelea. Tofauti ya mabaki yao lazima iwe 0 au kigawe kingine cha 5. Namba pekee iliyo kigawe cha 5 na wakati huohuo haizidi 4 ni 0. Basi mabaki yao ni sawa, na majibu yao ni sawa pia. Ukiliondoa sharti hilo, hoja yote inaanguka, na hatuna tena haki ya kuuliza jibu la 17 ÷ 5 kana kwamba ni moja.

Kwa hiyo mwambie mtoto kwamba hakuna mtu aliyekataza kwa amri. Tulichagua baki dogo kwa sababu ndilo pekee linalotuhakikishia kwamba watu wote duniani wakigawanya kwa uaminifu watakutana mahali pamoja.

#4 Fundi Seremala

Mwalimu, ninafuatilia kwa makini kwa sababu kazi yangu ni ya kukata mbao kila siku. Nina ubao wa mita 5, yaani sentimita 500, ninaukata vipande vya sentimita 80. Kijana ninayemfundisha kazi alifuta sifuri moja kila upande, akagawanya 50 ÷ 8, akapata 6 baki 2. Akaniambia kitabaki kipande cha sentimita 2. Nilipima na kukuta kimebaki kipande cha karibu sentimita 20. Shuleni tulifundishwa kwamba kufuta sifuri pande zote mbili hakubadilishi jibu, sasa mbona hapa kumebadilisha?

#5 Mwalimu Mstaafu

Ndugu yangu Fundi, umeleta mfano ambao vitabu vingi vinaupita. Kufuta sifuri hakukubadilisha jibu: vipande ni 6 kwa njia zote mbili. Kilichobadilika ni baki, na sababu yake ni ile niliyoitaja mwanzoni, kwamba baki ni la aina ileile ya kitu kilichogawanywa. Kijana alipofuta sifuri aliacha kuhesabu sentimita na kuanza kuhesabu makumi ya sentimita. Ubao una makumi 50, kila kipande kinachukua makumi 8, kwa hiyo baki lake la 2 ni makumi mawili ya sentimita, yaani sentimita 20. Tuandike mistari yote miwili:

50 = 8 × 6 + 2
500 = 80 × 6 + 20

Mstari wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa 10, na ukizidisha mstari mzima kwa 10, baki nalo linazidishwa. Kanuni ni kwamba ukigawanya kigawanywa na kigawanyo kwa namba ileile, jibu linabaki palepale lakini baki nalo linagawanywa kwa namba hiyo, na lazima ulirudishe ukubwa wake mwishoni. Wewe mwenyewe unajua pia kwamba msumeno hula unene kidogo kila unapokata, ndiyo maana kipande chako hakikufika sentimita 20 kamili.

#6 Mwanafunzi wa Jioni

Naomba kusaidiwa kwenye njia ndefu ya kugawanya. Nikigawanya 4,215 kwa 7 ninapata 62 baki 1, lakini nikihakiki 7 × 62 + 1 ninapata 435. Sielewi nilipopotea kwa sababu hatua zote nilizifuata: 42 kwa 7 ni 6, kisha 15 kwa 7 ni 2 baki 1.

#7 Mwalimu wa Darasa la Nne

Niruhusuni nijibu hili kwa kuwa ninakutana nalo karibu kila ninapofundisha mada hii. Baada ya kugawanya 42 na kupata 6, ulishusha tarakimu 1, ukaona kwamba 1 haitoshi kwa 7, ukashusha 5 papo hapo ili upate 15. Kushusha 5 ni sawa, lakini kabla ya hapo ulipaswa kuandika 0 kwenye jibu, kwa sababu 1 ÷ 7 ni 0 baki 1. Huo ni mgawanyo kamili wenye jibu lake na baki lake, na jibu lake lazima lipewe nafasi.

Fikiria nafasi za tarakimu na utaona. 42 uliyoanza nayo ni mamia 42, kwa hiyo 6 ni mamia sita. Tarakimu 1 ni kumi moja, ambayo haiwezi kugawanywa katika makumi kwa watu 7, ndiyo maana makumi ya jibu ni 0. Kumi hilo moja linavunjwa kuwa mamoja 10, likiungana na 5 yanakuwa mamoja 15, na 15 ÷ 7 ni 2 baki 1. Jibu ni mamia 6, makumi 0 na mamoja 2, yaani 602 baki 1. Kuhakiki: 7 × 602 = 4,214, ongeza 1 unapata 4,215.

Ningeongeza kwamba njia ndefu nzima si kitu kingine ila mfululizo wa migawanyo midogo yenye mabaki, ambapo baki la kila hatua linavunjwa na kupelekwa kwenye nafasi inayofuata. Kila baki la njiani lazima nalo liwe dogo kuliko kigawanyo. Ukiona katikati ya kazi umebakiza 8 au 9 huku unagawanya kwa 7, simama na urekebishe hapohapo, kwa maana tarakimu uliyoandika juu ni ndogo mno. Na kabla ya yote kadiria: 4,200 ÷ 7 ni 600, kwa hiyo 62 isingekubalika hata kabla ya kuihakiki.

#8 Mdadisi

Ninashukuru kwa maelezo haya. Nina hoja kuhusu alama ya usawa. Tunaandika 7 ÷ 3 = 2 baki 1. Tunaandika pia 9 ÷ 4 = 2 baki 1. Kama vitu viwili ni sawa na kitu kimoja, basi vyenyewe ni sawa. Je, 7 ÷ 3 ni sawa na 9 ÷ 4? Nikiziandika kama sehemu, 7/3 na 9/4, nikizidisha kwa mkato, yaani 7 × 4 na 9 × 3, napata 28 na 27, kwa hiyo si sawa. Kuna kasoro mahali fulani, na sidhani kwamba iko kwenye hesabu yangu.

#9 Mwalimu Mstaafu

Hesabu yako haina kasoro, Mdadisi. Kasoro iko kwenye namna ya kuandika, na nimesubiri mtu aiseme. Maneno "2 baki 1" si namba moja. Ni namba mbili zilizowekwa pamoja, na hazijitoshelezi mpaka utaje kigawanyo. Baki la 1 pale tunapogawanya kwa 3 ni moja kati ya vitu vitatu ambavyo vingehitajika ili kila mtu aongezewe kimoja. Baki la 1 pale tunapogawanya kwa 4 ni moja kati ya vinne. Kama vitu vyenyewe vinaweza kukatwa, baki la kwanza linampa kila mtu 1/3 na la pili linampa kila mtu 1/4, ndiyo maana 7/3 ni 2 1/3 na 9/4 ni 2 1/4. Namba hizi mbili hazilingani, na 2 1/3 ndiyo kubwa.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kuandika 7 = 3 × 2 + 1 na 9 = 4 × 2 + 1. Katika mistari hii alama ya usawa inasema kweli pande zote, na kigawanyo kipo machoni pa msomaji. Sisemi kwamba watoto wasiandike "2 baki 1", kwa sababu ni ufupisho unaofaa darasani, bali mwalimu ajue kwamba ni ufupisho, na siku ya kuhamia kwenye sehemu aonyeshe wazi kwamba baki linawekwa juu ya kigawanyo. Mwanafunzi aliyezoea kuona kigawanyo kwenye mstari hashangai siku hiyo.

#10 Mama Watatu

Mwalimu, umenikumbusha jambo la kikokotoo. Tulipogawanya 17 kwa 4 kikokotoo kilionyesha 4.25, na wanangu wawili wakabishana kama baki ni 25 au ni 1. Pia ningependa kuelewa mafumbo ya maneno, kwa kuwa wakati mwingine kitabu kinataka tulitupe baki, wakati mwingine kinataka tuongeze moja kwenye jibu, na watoto wanaona kama tunabadilisha kanuni kila mara.

#11 Mwalimu wa Darasa la Nne

Kuhusu kikokotoo, baki ni 1, na sharti letu linatoa ushahidi mara moja: 25 haiwezi kuwa baki la kugawanya kwa 4 kwa kuwa ni kubwa kuliko 4. Ile 0.25 ni baki ambalo tayari limegawanywa, yaani 1 ÷ 4. Ili kulirudisha, zidisha sehemu ya desimali kwa kigawanyo: 0.25 × 4 = 1. Ukigawanya 100 kwa 7 kikokotoo kitaonyesha 14.2857142 na kuendelea. Ondoa 14, zidisha kinachosalia kwa 7, utapata namba iliyo karibu kabisa na 2, na baki ni 2. Njia iliyo safi zaidi ni kuchukua 14 × 7 = 98 na kuitoa kwenye 100.

Kuhusu mafumbo, kanuni ya kugawanya haibadiliki hata mara moja. Kinachobadilika ni swali linaloulizwa baada ya kugawanya. Tuchukue mgawanyo mmoja, 50 ÷ 8, ambao ni 6 baki 2, tuone unavyojibu maswali tofauti. Watu 50 wanasafiri kwa magari yenye nafasi 8 kila moja: magari 6 yanajaa na watu 2 hawajapata nafasi, kwa hiyo yanahitajika 7. Karatasi 50 zinatengenezwa vitabu vya karatasi 8: vinapatikana vitabu 6, kwa maana karatasi 2 hazifanyi kitabu. Lita 50 za maji zinagawanywa sawasawa katika vyombo 8: maji yanagawanyika, kwa hiyo zile lita 2 nazo zinagawanywa na kila chombo kinapata lita 6.25. Vitu 50 vimepangwa katika safu za vinane, na swali linauliza safu ambayo haikujaa ina vingapi: jibu ni 2, na ile 6 haitajwi kabisa.

Kuna aina ya maswali ambayo baki peke yake ndilo linalohitajika, na ningeomba walimu wenzangu wayape nafasi zaidi. Kama leo ni Jumatatu, siku ya 50 kuanzia kesho itakuwa siku gani? Tunagawanya kwa 7 kwa sababu siku za juma ni 7: 50 = 7 × 7 + 1. Majuma saba kamili yanaturudisha Jumatatu, na baki la 1 linatusogeza hadi Jumanne. Kwa siku 100 tunapata 100 = 7 × 14 + 2, yaani Jumatano. Mtoto akifanya hesabu hizi anaona kwamba baki lina kazi yake, na hatalichukulia tena kama dalili kwamba hesabu imeharibika.

Kwa hiyo wafundishwe kuandika kwanza 50 = 8 × 6 + 2, kisha waseme kwa maneno 6 ni nini na 2 ni nini, ndipo warudi kusoma swali. Mtoto anayesema kwa kinywa chake kwamba "hawa 2 ni watu" hatawaacha njiani.

#12 Mtunzi wa Programu

Nachangia kutoka upande wa kompyuta, kwa sababu sharti la Mwalimu lina matokeo ambayo watunzi wa programu hukutana nayo. Lugha nyingi za programu zina alama ya % inayotoa baki la mgawanyo. Kwa namba chanya zote zinakubaliana: 17 % 5 ni 2. Kwa namba hasi zinatofautiana. Ukiandika −17 % 5 katika Python unapata 3, lakini katika C au Java unapata −2.

Pande zote mbili zina mstari wa kweli. Python inahesabu −17 = 5 × (−4) + 3, na C inahesabu −17 = 5 × (−3) − 2. Python imelichukua jibu lililo chini, yaani −4, na kigawanyo kikiwa chanya baki lake daima litakuwa kati ya 0 na kigawanyo, sawasawa na sharti lililoelezwa hapa. C na Java hukata desimali kuelekea 0, kwa hiyo hupata −3, na baki linalazimika kuwa hasi. Ni hali ileile ya mtoto wa Mama Watatu: mistari miwili ya kweli, na sharti ndilo linaloamua upi uitwe jibu. Anayehesabu siku za juma kurudi nyuma kwa C bila kulijua hili atapata siku ya namba hasi, ambayo haipo.

#13 Mwanafunzi wa Jioni

Nimeelewa ile sifuri, ahsanteni sana. Nina maswali mawili mengine. La kwanza, je, 3 ÷ 8 ina baki? La pili, nikigawanya 1 kwa 7 kwa desimali, tarakimu zinajirudia: 0.142857142857 na kuendelea. Nikigawanya 1 kwa 8 zinaishia 0.125. Nini kinachosababisha tofauti hii?

#14 Mwalimu Mstaafu

La kwanza ni fupi. 3 = 8 × 0 + 3, kwa hiyo jibu ni 0 na baki ni 3; hakuna fungu lililokamilika na vyote vimebaki. Na kwa kuwa tuko hapo, kugawanya kwa 0 hakuwezekani, kwa sababu baki lingetakiwa kuwa dogo kuliko 0 bila kushuka chini ya 0, na namba ya namna hiyo hakuna.

La pili linanifurahisha mno, kwa sababu jibu lake liko kwenye mabaki. Tugawanye 1 kwa 7 hatua kwa hatua, kila mara tukiongeza sifuri kwenye baki. 10 ÷ 7 ni 1 baki 3. 30 ÷ 7 ni 4 baki 2. 20 ÷ 7 ni 2 baki 6. 60 ÷ 7 ni 8 baki 4. 40 ÷ 7 ni 5 baki 5. 50 ÷ 7 ni 7 baki 1. Tumerudi kwenye 1 tuliyoanza nayo, kwa hiyo hatua inayofuata ni 10 ÷ 7 tena, na kila kitu kinaanza upya: 142857, 142857.

Sasa jiulize kama ingewezekana kusijirudie. Mabaki ya kugawanya kwa 7 ni 0 hadi 6. Likitokea 0, kazi inakwisha na desimali inafika mwisho. Lisipotokea, tuna mabaki 6 tu ya kuchezea, kwa hiyo kufikia hatua ya saba lazima baki mojawapo litokee mara ya pili, na baki likirudi, tarakimu zinarudi. Kwa 8 mambo yanakwenda hivi: 10 ÷ 8 ni 1 baki 2, 20 ÷ 8 ni 2 baki 4, 40 ÷ 8 ni 5 baki 0, na tumemaliza. Hoja hii inafaa kwa kigawanyo chochote kile. Kila sehemu ya namba nzima kwa namba nzima ina desimali inayokoma au inayojirudia, na sababu pekee ni kwamba mabaki yana ukomo, nayo yana ukomo kwa sababu ya lile sharti ambalo mtoto wa Mama Watatu aliliulizia.

#15 Mdadisi

Mwalimu, umenifanya nione kwamba sharti hilohilo linaeleza njia ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila kuacha baki, njia ambayo aliiandika karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Tuchukue 252 na 105. Tunagawanya kubwa kwa ndogo, kisha tunagawanya kigawanyo kwa baki, na kuendelea:

252 = 105 × 2 + 42
105 = 42 × 2 + 21
42 = 21 × 2 + 0

Baki la mwisho kabla ya 0 ni 21, na hilo ndilo KKS. Nilikuwa naijua njia hii bila kujua kwa nini inakoma. Kumbe kila baki ni dogo kuliko kigawanyo chake, na kigawanyo kinachofuata ni baki hilohilo, kwa hiyo mabaki yanashuka bila kupanda hadi 0.

Naacha fumbo la kale kutoka China kwa yeyote anayetaka kujipima. Kuna namba ambayo ukiigawanya kwa 3 inabaki 2, ukiigawanya kwa 5 inabaki 3, na ukiigawanya kwa 7 inabaki 2. Ni namba gani?

#16 Mwanafunzi wa Jioni

Nimejaribu kwa kuanza na 7 kwa kuwa ndicho kigawanyo kikubwa. Namba zinazobakiza 2 kwa 7 ni 2, 9, 16, 23, 30 na kuendelea. Nikazigawanya kwa 5: 2 inabakiza 2, 9 inabakiza 4, 16 inabakiza 1, na 23 inabakiza 3, ambayo ndiyo inayotakiwa. Kisha 23 ÷ 3 ni 7 baki 2. Namba ni 23. Ila naona kwamba 128 nayo inakubali masharti yote matatu. Je, fumbo lina majibu mawili?

#17 Mdadisi

Lina majibu mengi kuliko mawili, na umeyaona vizuri. Tofauti kati ya 23 na 128 ni 105, ambayo ni 3 × 5 × 7. Ukiongeza 105 unaongeza mafungu kamili ya tatu tatu, ya tano tano na ya saba saba, kwa hiyo hakuna baki linaloguswa. Inayofuata ni 233, kisha 338. Ukitaka jibu moja tu, weka sharti kwamba namba iwe ndogo kuliko 105, na hapo 23 inasimama peke yake.